Kabla Hujafunga Begi la Zanzibar

Wadogo zangu, likizo ikikaribia swali huwa ni lile lile: "Dada, nakwenda Zanzibar na wenzangu, nibebe nini?" Leo nawajibu wote kwa pamoja, lakini begi tuliache kwanza pembeni. Kabla ya nguo kuna pesa, kuna watu unaokwenda nao, na kuna bahari, ambayo ina ratiba yake na haimsubiri mtu. Hayo matatu yakikaa sawa, cha kubeba utakijua bila kumuuliza mtu.

Tuanze na pesa. Chukua daftari uandike nauli ya kwenda na kurudi, malazi, chakula, usafiri wa ndani ya kisiwa, na matembezi. Wengi wetu wa Dar tunapiga hesabu ya boti na chumba, basi. Tunasahau kwamba Nungwi na Paje haziko hapo nje ya geti la bandari. Kila moja ni mwendo wa kilomita kama 50 au zaidi kutoka mjini, na teksi ya kukufikisha huko inaweza kumaliza pesa uliyoitenga kwa chakula cha siku nzima. Daladala zipo, ile namba 116 ndiyo ya Nungwi, na nauli yake haiumizi. Ila inajaza, inasimama njiani kila mara, na mwenye masanduku mawili atapata tabu. Mkiwa wanne, kodini gari moja mgawane. Ukiwa peke yako na begi moja jepesi, panda daladala mchana bila wasiwasi.

Halafu tenga fungu ambalo huligusi hata ukiona dera zuri kiasi gani: nauli ya kukurudisha mpaka mlangoni kwako, pamoja na usiku mmoja wa ziada. Upepo ukichachamaa boti zinaweza kuahirishwa, na hapo hakuna wa kumlaumu. Pesa hiyo igawe, nusu taslimu na nusu kwenye simu. Mjini mashine za kutolea pesa utaziona, lakini vijiji vya pwani ya mashariki si pa kutegemea hilo, na wakala anaweza kukwambia hana salio siku ambayo unamhitaji kweli.

Na hapa nisikilize, mdogo wangu, maana hili linaniumiza roho kila nikilisikia: usikope kwenda kutembea. Mkopo wa kausha damu kwa ajili ya siku tatu za picha utakufuata miezi, watakupigia wewe, watampigia bosi wako, watampigia mpaka mama yako. Kama pesa haijatimia, sogeza tarehe. Anza kibubu leo, au mwambie mweka hazina wa kikoba chenu kwamba mgao wa mwaka huu una kazi. Zanzibar ipo, haiendi popote.

Chumba ndicho kinachowaliza wasichana wengi. Unaona tangazo zuri mtandaoni, bwawa la bluu, kitanda kimetandikwa maua, bei nusu ya wengine, na mtu anataka utangulize pesa leo leo kwa sababu "kuna mteja mwingine." Kabla hujatuma hata shilingi, mwombe akupigie simu ya video akuonyeshe chumba akitembea. Mwenye nyumba ya kweli hachukii hilo. Tafuta jina la hoteli kwenye ramani usome waliolala wamesema nini, halafu upige namba utakayoikuta huko, siyo ile aliyokupa yeye. Na ukianza kutuma pesa kwa simu, kabla ya kuthibitisha inakuja ile sehemu ya jina la mpokeaji. Lisome. Jina lisipofanana na la hoteli wala la mtu mliyekubaliana, futa. Ukiuliza wakaanza kukufokea, umeshapata jibu lako.

Tiketi ya boti nunua kwenye ofisi au mtandao wa kampuni yenyewe, siyo kwa kijana aliyekudaka barabarani pale Posta. Kitambulisho usikiache nyumbani kabisa, cha NIDA au pasipoti. Tiketi inaandikwa jina lako, na Mtanzania halipi sawa na mgeni, iwe kwenye boti au kwenye viingilio kama msitu wa Jozani wanakokaa kima punju. Bila kitambulisho utajieleza mpaka koo likauke. Fika bandarini angalau saa moja kabla. Mizigo inapita kwenye mashine, foleni ni ndefu, na wapagazi wanalipokonya begi kabla hujakubali. Mwambie kwa upole, "Ahsante kaka, nabeba mwenyewe." Ukitaka akusaidie, patana naye bei begi likiwa bado mkononi mwako.

Kuhusu watu, nitasema waziwazi. Nenda na wale ambao mifuko yenu inafanana. Urafiki mwingi umevunjikia Forodhani, mmoja anataka kamba wa kuchoma na mwingine anahesabu kama urojo utamfikisha asubuhi. Kaeni kabla ya safari mkubaliane: kila mtu anachanga kiasi gani, nani anashika pesa, na tarehe ya mwisho ya kuchanga ni lini. Asiyelipa mpaka tarehe hiyo hakatiwi tiketi, na asinuniwe wala asinune. Mjadili pia mambo madogo. Nani anaamka mapema, nani anataka muziki wa usiku, nani anaswali, nani hawezi kuogelea. Na mtu mmoja nyumbani, awe mama, dada au shangazi, aachiwe jina la mahali mnapolala na siku ya kurudi. Hata kama hutaki kuulizwa maswali, mwachie tu.

Sasa bahari. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo safari nyingi zinapoharibikia na hakuna anayewaambia. Miezi ya masika, Machi mpaka Mei, mvua inanyesha kweli kweli. Bei za vyumba hushuka, lakini usije ukalia. Kuanzia Juni kusi linavuma, hali ya hewa inapoa na inapendeza, ila mkondo kati ya Dar na Unguja unachafuka, na safari ya boti ya karibu saa mbili unaweza kuiona ndefu sana kama tumbo lako ni jepesi. Kaskazi linakuja kuanzia Desemba, kuna joto, na ndio msimu wa watu wengi na bei za juu. Ukiwa mtu wa kuchafukwa, kula kitu kikavu kabla ya kupanda, meza dawa ya kichefuchefu nusu saa kabla ya boti kuondoka, kaa chini katikati ya boti badala ya mbele, tazama mbali kwenye upeo, na simu ifunge.

Halafu kuna bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kukupwa kupita kawaida. Pwani ya mashariki, yaani Paje, Jambiani na Bwejuu, bahari ikikupwa inarudi mbali sana, unabaki unatazama mchanga, mawe na majani mpaka kule linakovunjika wimbi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hukupwa karibu na saa nne asubuhi, na hujaa karibu na saa kumi alasiri. Kila siku nyakati hizo zinachelewa kwa kama dakika 50, kwa hiyo baada ya wiki mambo yanageuka: maji yanajaa asubuhi na kutoka alasiri, tena hayaendi mbali sana, ndiyo tunayaita maji mafu. Kwa hiyo angalia kalenda ya mwezi kabla ya kulipia chumba! Aliyekwenda Paje siku mbili za bamvua akitaka kuogelea asubuhi atarudi akisema amedanganywa, wakati angepanga kuogelea alasiri angefurahi. Kama shida yako ni kuogelea saa yoyote, nenda kaskazini, Nungwi au Kendwa, huko maji hayakukimbii kiasi hicho.

Lakini usidharau bahari iliyokupwa. Ndio wakati kina mama wa mwani wanaingia shambani, wameinama kwenye kamba zao kati ya vijiti, maji yakiwa magotini. Ukitembea huko vaa viatu vinavyoshika mguu, maana kuna wale wadudu weusi wenye miiba mirefu, na mwiba wake ukiingia unyayoni likizo imekwisha. Zunguka kamba za mwani, usizikanyage, na usimpige mtu picha bila kumwomba. Wale wako kazini. Na angalia saa, usiende mbali ukasahau kwamba maji yanarudi.

Haya, tufungue begi. Liwe moja, laini, la kubeba mgongoni au begani, na liwe ambalo unaweza kulipandisha ngazi za boti peke yako. Kama unakwenda kwa ndege ndogo ni lazima zaidi, kwa sababu mzigo unapimwa kilo chache, mara nyingi 15. Mwaga kila kitu kitandani kwanza. Kwa siku tatu unahitaji nguo za kubadilisha tatu, moja ya usiku, na ya kuogelea mbili ili moja ikauke. Mji Mkongwe ni mji wa watu wanaoishi na kuswali humo, kwa hiyo vaa inayofunika mabega na magoti. Nguo ya kuogelea mwisho wake ufukweni, usiingie nayo dukani wala kwenye daladala. Na kama tarehe zako zimeangukia Ramadhani, ambayo hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka, jua kwamba mchana huli wala hunywi hadharani, hata kama wewe hufungi. Jioni yake, baada ya futari, mji unachangamka vizuri sana.

Kitu ambacho sitakubali ukiache ni doti ya kanga. Usiikate mapema ukaacha kipande kimoja nyumbani. Moja unajifunga kiunoni ukitoka majini, nyingine unajitanda ukipita mtaani. Ndani ya boti kiyoyozi kikiwa kikali unajifunika. Ufukweni unaitandika, na ukitaka kubadilisha nguo mahali pasipo na chumba, rafiki yako anakushikia moja mbele na nyingine nyuma. Inakauka upesi, inakunjwa ikawa ndogo, na taulo zito unaliacha nyumbani. Kikoi pia kinafaa, lakini ni kimoja, na kanga ni mbili.

Nywele suka siku chache kabla, siyo usiku wa kuamkia safari, kichwa kisije kikauma na ngozi ikachomwa na jua ikiwa bado laini. Baada ya chumvi suuza kwa maji baridi, upake mafuta. Losheni ya kuzuia jua usiseme ni ya wazungu. Ngozi yetu nayo inaungua, hasa mabega na pua, na saa sita mchana ukiwa kwenye mashua ya Changuu kwenda kuwaona makobe hakuna kivuli cha kutosha. Kofia, miwani, chupa ya maji. Pedi weka hata kama siku zako bado, safari huwa na tabia ya kuziharakisha au kuzichelewesha. Dawa zako za kila siku ziwe kwenye mkoba wa mkononi pamoja na kitambulisho, simu na pesa, kwa sababu begi kubwa linawekwa mbali na wewe. Ongeza panadol, ORS, plasta na dawa ya mbu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Bara tangu Juni 2019, na Zanzibar ilitangulia, kwa hiyo nguo mbichi ziandalie mfuko wa kitambaa kizito. Chaja, na pawabenki iliyojaa. Viatu virefu viache. Vichochoro vya Mji Mkongwe ni mawe na mashimo.

Acha nafasi ndani ya begi. Utarudi na viungo, najua. Nunua siku ya mwisho, Darajani sokoni, mahali mama wa Kizanzibari naye ananunua, siyo vile vipakiti vya mapambo. Karafuu ivunje uinuse, hiliki iwe ya kijani na imejaa, mdalasini chagua vipande vyembamba vilivyojikunja. Waambie wakufungie kwenye karatasi mara mbili na uvitenge na nguo. Na boti ya kurudi, kama kesho yake una kazi, usikate ya mwisho ya siku. Kata ya kabla yake. Hata ikichelewa, bado unashuka Dar ukiwa na muda wa kupata usafiri wa kwenda Mbagala au Kimara kabla giza halijawa totoro.