Ari, mapambo na mapenzi: Tunawajibu nini mabinti zetu?

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake.

Ndugu msomaji, somo la leo limetokana na swali nililoulizwa na mwanafunzi wangu hapa Bombambili, Songea, na jibu baya nililompa. Siku moja baada ya darasa la Alasiri, binti wa miaka kumi na saba alibaki nyuma akaniuliza: "Ustadhi, nikisomea kushona, halafu Mungu akijaalia nikawa mbunifu mkubwa wa mavazi, nitakuwa nimekosea dini?" Nikamwuliza wazo hilo amelitoa wapi. Akasema kweli tupu, kwamba ameliona kwenye tamthilia ya wanamitindo wanayoiangalia nyumbani usiku. Nilikasirika. Nikamwambia hayo ni mambo ya makafiri, ayaache. Hakubisha, lakini kwa wiki tatu hakuonekana darasani, mpaka mama yake aliponifuata na kuniambia: "Ustadhi, mtoto anasema dini haimtaki."

Neno hilo lilinikosesha usingizi. Nikajiuliza, hivi nilichokikataza ni kipi hasa? Kushona? Kutaka makubwa? Au tamthilia? Nikaona kuwa nilifanya kosa lile lile linalofanywa na tamthilia zenyewe, la kuchanganya mambo matatu tofauti na kuyafanya kitu kimoja: ari, mapambo na mapenzi.

Tamthilia za aina hii ni nyingi, na inayojulikana zaidi duniani ni ile ya Kimarekani iitwayo The Bold and the Beautiful, iliyoanza mwaka 1987 na kuvuka miaka 35 hewani. Inahusu familia ya Forrester yenye kampuni ya mavazi ya kifahari mjini Los Angeles. Mhusika wake mkubwa, Brooke, anaanza akiwa binti wa familia ya kawaida aliyesomea kemia. Anavumbua dawa ya kuzuia kitambaa kisijikunje, na kwa uvumbuzi huo anafikia kuitawala kampuni. Hadi hapo ni kisa cha elimu na bidii. Lakini Brooke huyo huyo anaolewa na Eric, mwenye kampuni, anamzalia watoto wawili, kisha anaolewa na Ridge, ambaye alilelewa kama mtoto wa Eric. Mtazamaji anameza yote kwa pamoja, elimu na uchafu katika sahani moja. Hivyo basi, tuyatenganishe.

Kwanza, ari. Uislamu haukuja kuua ari ya mtu, awe mwanamume au mwanamke. Bi Khadija bint Khuwaylid (r.a.) alikuwa mfanyabiashara aliyepeleka mali yake Sham, na msimamizi aliyemwamini kwa safari hiyo alikuwa Muhammad (s.a.w.) kabla ya kupewa Utume. Ama kuhusu ufundi wenyewe, Qur'an inatueleza kuwa Nabii Daud (a.s.) alifundishwa na Allah (s.w.) kutengeneza mavazi ya kuwakinga watu vitani (21:80). Na katika nyumba ya Mtume (s.a.w.) mwenyewe, mama wa waumini Zaynab bint Jahsh (r.a.) alikuwa fundi wa mikono. Alikuwa akitengeneza ngozi na kuzishona, kisha kipato chake anakitoa sadaka. Ni huyu ambaye Mtume (s.a.w.) alimkusudia alipowaambia wake zake kwamba wa mwanzo kumfuata baada ya kufa kwake atakuwa mwenye mkono mrefu zaidi. Wakawa wanapimana mikono. Bi Zaynab alipofariki mwaka wa 20 Hijria, kabla ya wenzake, ndipo walipofahamu kuwa urefu uliokusudiwa ni wa kutoa. Mimi nayasoma haya kila mwaka, na bado binti alipotaja cherehani nilimfukuza kwa ulimi wangu.

Tofauti ya ari na tamaa ni hii: mwenye ari anauliza atafanya nini na atamnufaisha nani, mwenye tamaa anauliza atamwangusha nani. Kwenye tamthilia nyingi, kupanda kwa mmoja ni lazima kuwe kuanguka kwa mwingine. Binti afundishwe kuliona hilo na kulikataa, bila kuikataa kazi.

Pili, mapambo. Katika Suratul A'araf (7:26) Allah (s.w.) anataja kuwa ametuteremshia vazi la kusitiri tupu zetu na vazi la pambo, kisha anatukumbusha kuwa vazi la uchamungu ndilo bora. Pambo, basi, limetajwa kuwa neema. Mtu mmoja alimwuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu kupenda nguo nzuri na viatu vizuri, akajibiwa kuwa Allah ni mzuri na anapenda uzuri; kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Aidha, Suratun Nur (24:31) imeweka wazi ni mbele ya nani mwanamke anaonyesha mapambo yake.

Hapo ndipo dunia ya wanamitindo inapopotoka. Tazama tamthilia ya Colombia, Yo soy Betty, la fea, ya mwaka 1999 hadi 2001. Betty ni mchumi msomi kuliko wengi katika kampuni ya mavazi, lakini anapewa kazi ya ukatibu na kuchekwa kwa sababu ya sura yake. Bosi wake anajifanya kumpenda ili asiipoteze kampuni iliyo mikononi mwake. Huko ndiko kuwadharau watu. Qarun naye alitoka mbele ya watu wake na mapambo yake, wapenda dunia wakatamani wangekuwa kama yeye, na ardhi ilipommeza yeye na nyumba yake ndipo waliposhukuru kuwa hawakuwa yeye (28:79-82).

Tatu, mapenzi. Allah (s.w.) ametaja kuwa ameweka baina ya wanandoa mapenzi na huruma, ili wapate utulivu (30:21). Katika tamthilia, utulivu ndio mwisho wa hadithi, kwa hiyo hautafutwi. Ndoa lazima ivunjwe ili wiki ijayo pawe na cha kuangalia. Binti anayejifunza ndoa kutoka hapo atamwona mume mpole kuwa hana mapenzi. Na lile la kuolewa na baba kisha mtoto wake, Qur'an imelikataza kwa uwazi katika Suratun Nisaa (4:22), na kuliita uchafu na chukizo.

Sasa tujihoji sisi wazazi. Tunakaa sebuleni na watoto, mke wa baba anaolewa na mtoto wa kiume mbele ya macho yetu, tunanyamaza kimya. Asubuhi binti akitaja chuo cha ushonaji, ndipo tunakumbuka neno haramu! Anachoelewa mtoto ni kwamba uchafu unavumilika, kazi ndiyo dhambi. Ambaye hawezi kuizima televisheni, basi angalau azungumze na watoto wake juu ya wanachokiona.

Nilikwenda nyumbani kwa yule binti, nikamwomba radhi mbele ya mama yake. Nikamsomea habari za Bi Zaynab (r.a.). Akaniuliza: "Alikuwa anashona kweli, Ustadhi?" Nikamwambia kweli. Darasani amerudi, na chuoni ameomba nafasi. Tamthilia hajaiacha yote, sitasema uongo. Lakini wiki iliyopita alikuja kuniambia, bila kuulizwa, kuwa amewaambia wadogo zake ile ndoa waliyoiona jana yake haijuzu, na akawatajia aya.

Allah (s.w.) atujaalie tuwe wepesi wa kufundisha kabla ya kufukuza. Wabillahi tawfiq.