Jangwa Ndani ya Nyumba

Waalimu wengi hutuuliza habari za jangwa, maana watoto waliolelewa penye migomba na mifereji husikia neno hilo katika kitabu cha Kutoka, wakadhani ni mahali pasipo na kitu cho chote. Nasi tulidhani vivyo hivyo, hata tulipokwenda kuwazuru ndugu zetu Wakristo wa mji wa Omaha, katika nchi ya Marekani, wakatupeleka kwenye bustani ya wanyama ya mji huo. Ilikuwa wakati wa theluji. Tuliingia katika nyumba ya majangwa tumejifunga nguo nzito, na mara joto likatutoa jasho.

Nyumba hiyo ilifunguliwa mwaka 2002. Ni kuba kubwa mno, kimo chake futi 137, na paa lake limeungwa kwa vipande vingi vipitishavyo nuru ya jua. Ndani yake imefanyizwa mifano ya majangwa matatu: Namib ya kusini-magharibi ya Afrika, jangwa la katikati ya Australia, na Sonora iliyo mpakani pa Marekani na Meksiko.

Penye Namib tulisimama kitambo kirefu. Nguchiro mmoja alisimama wima kwa miguu miwili akilinda, wenzake wakichimba mchanga. Katika Namib yenyewe mvua ni haba sana, lakini ukungu hutoka baharini, kwa sababu ya mkondo wa maji baridi uitwao Benguela. Yuko mbawakawa mdogo apandaye juu ya kilima cha mchanga alfajiri, akainamisha kichwa na kuinua mgongo. Ukungu humshika ukawa matone, nayo hutelemka mpaka kinywani mwake. Asubuhi ya ukungu asipopanda, hapati. Mana nayo iliokotwa asubuhi, na jua lilipokuwa kali iliyeyuka.

Katika Sonora mna mpungate mrefu uitwao saguaro, ambao waweza kuishi zaidi ya miaka 150. Ubavu wake una mikunjo. Mvua ikinyesha, hunywa ukatanuka. Ukiwa mchanga hukua chini ya kivuli cha mti mwingine, kama mtoto wa kulelewa.

Basi, tulipokuwa tukistaajabu, alipita mtumishi na mpira wa maji, akainywesha mimea. Ndipo tulipotambua ya kuwa jangwa lile lina kila kitu cha jangwa isipokuwa kiu. Kiu tulikuwa nayo sisi wageni, kwa ajili ya zile nguo. Kwa muda wa nusu saa tu tulikuwa tumekwisha kuuliza maji ya kunywa yako wapi, tena kwa sauti isiyo ya upole, hata mwenyeji wetu akatutazama. Na sisi ndio tuliowahubiri Waisraeli miaka mingi kuwa ni watu wa manung'uniko!

Tangu hapo, tunapofundisha Kutoka mlango wa 15, twasimama kwanza penye mstari wa 22. Twawaambia wanafunzi wazihesabu zile siku tatu zisizo na maji, pamoja na wazee, na kina mama wanyonyeshao, na mifugo. Mstari wa 24, wa manung'uniko, hatuwafungulii mpaka wamekwisha kuhesabu.