Dondoo muhimu: Maandishi juu ya fremu ya kioo

Mwanaprogramu wa Konza anayepanua fremu ya kioo ya dirisha la Windows 7 kwa DwmExtendFrameIntoClientArea huandika kichwa cheusi kwa DrawText, kisha hakioni. GDI, ambayo DrawText ni sehemu yake, huacha alfa ikiwa sifuri, na nyeusi isiyo na alfa ni uwazi mtupu.

Dawa ipo tangu Vista: DrawThemeTextEx yenye DTT_COMPOSITED, maandishi yakichorwa kwanza kwenye picha ya kumbukumbu ya biti 32, ndipo yahamishiwe dirishani kwa BitBlt. Kimo cha picha hiyo lazima kiwe hasi, la sivyo herufi hupinduka. DTT_GLOWSIZE huongeza mng'ao unaofanya jina kama “Konza Technopolis” lisomeke vizuri hata juu ya mandhari nyeusi.

Windows 8 ya 2012 iliondoa kioo hicho, hivyo programu ikague kwanza toleo la mfumo.