Amefikia Wapi? Nyumba ya Mawe, Hoteli ya Kisasa na Msamiati wa Ukarimu katika Miji ya Kale ya Pwani

Utangulizi

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 2000, na Mji wa Kale wa Lamu ukafuata mwaka wa 2001. Katika miji yote miwili, nyumba nyingi za mawe zilizokuwa makao ya familia zimegeuzwa kuwa hoteli na nyumba za wageni. Wasanifu majengo na wanahistoria wameijadili hali hii kwa kina. Wanaisimu na wahakiki wa fasihi hawajaishughulikia kwa kiwango hicho, ilhali nyumba ya Mswahili ni hazina ya msamiati na chemchemi ya taswira za ushairi.

Makala haya yanachunguza jinsi hoteli ya kisasa inavyobadilisha maana ya maneno matatu ya msingi, yaani mgeni, mwenyeji na kufikia, pamoja na majina ya vyumba. Hoja inayotetewa ni kwamba hoteli yaweza kuyaokoa mawe ya mji wa kale, lakini haiwezi peke yake kuyaokoa maneno yaliyoyapa mawe hayo maana.

Mpangilio wa Nyumba ya Mawe

Nyumba kongwe za Lamu, ambazo nyingi ni za karne ya 18, zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari zake zikabebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliokadiria upana wa chumba. Kwa hiyo vyumba ni virefu lakini vyembamba, upana wake ukiwa chini ya meta 3 hivi.

Anayetoka usitani, yaani njiani kwa Kiamu, hukutana kwanza na daka. Hiki ni kibaraza cha mlangoni chenye mabaraza ya mawe pande mbili, ambapo mwenye nyumba huzungumza na wapita njia na wageni wa muda mfupi. Baada ya mlango kuna tekani, ukumbi mdogo wenye kona inayomzuia aliye nje asione yaliyomo ndani. Kisha huja kiwanda, yaani ua usioezekwa, halafu msana wa tini na msana wa yuu, kumbi mbili zinazofuatana kuelekea ndani. Nyuma yake ni ndani, chumba cha faragha ya familia, ambacho ukuta wake aghalabu hupambwa kwa zidaka, vishubaka vya lipu iliyonakshiwa vya kuwekea vyombo vya thamani. Choo kina birika la maji, na ilikuwa desturi kufuga samaki wadogo ndani yake ili wale viluwiluwi vya mbu.

Kwa muhtasari, nyumba hupimwa kwa hatua. Kila hatua kuelekea ndani ni hatua kuelekea faragha, na cheo cha mtu kwa familia hujulikana kwa mahali anaporuhusiwa kufika. Mpita njia huishia darakani, jirani wa kiume huishia karibu na kiwanda, na ndugu wa karibu huingia ndani. Mgeni anayelala hutengewa sabule, chumba kilicho karibu na lango, ili apumzike bila kuwasumbua wa ndani wala kusumbuliwa nao. Ukarimu, basi, haukuwa kumfungulia mgeni kila mlango. Ulikuwa kumwekea mahali pake.

Kufikia kwa Mtu na Kufikia Hotelini

Mabadiliko haya yanadhihirika zaidi katika sarufi ya kitenzi kufikia. Mgeni anapoingia mjini, swali la kawaida ni, "Amefikia wapi?" Jibu la kimila huambatana na kihusishi kwa na jina la mtu: amefikia kwa fulani. Jibu la siku hizi huweza kuchukua kiambishi cha mahali: amefikia hotelini. Tofauti ya kwa na -ni yaonekana ndogo, lakini kimaana ni kubwa. Jibu la kwanza linamtaja mtu anayewajibika kwa mgeni, na la pili linataja mahali tu.

Neno mwenyeji nalo linastahili kuangaliwa. Kiasili limetokana na mwenye na mji. Mwenyeji ni mkaazi wa mahali na wakati huohuo ni mpokeaji wa mgeni, maana mbili zisizotenganishwa: kwa kuwa mji ni wake, jukumu la kupokea ni lake. Methali isemayo "Mgeni njoo, mwenyeji apone" huwaweka wawili hawa katika uhusiano wa kufaidiana. Ile ya "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" humgeuza mgeni kuwa mmoja wa watu wa nyumba kwa njia ya kazi. Hotelini uhusiano huo hukatika. Mgeni hukabidhiwa ufunguo na mhudumu wa mapokezi, na siku ya tatu haletewi jembe bali hesabu ya malipo. Neno mgeni limebaki, lakini maana yake imesogea kuelekea ile ya mteja.

Vyumba navyo hubadilika. Katika hoteli nyingi zilizomo katika nyumba za kale, chumba cha bei ya juu ni kile cha ndani chenye zidaka, kwa kuwa ndicho chenye mapambo. Mtu ambaye kwa desturi angelala sabule sasa hulala katika chumba ambacho hata jirani wa miaka mingi hakukikanyaga. Daka hubakia mlangoni, lakini aghalabu hupambwa kwa mito na kuwa mahali pa kupigia picha. Hakuna kosa la kisheria katika hayo. Hata hivyo, mpangilio wa hatua uliozipa sehemu hizo majina yake umepinduliwa, na jina lisilo na kazi husahaulika.

Mfano wa Mambo Msiige

Zanzibar inatoa mfano unaomfaa mwanafunzi wa lugha. Katika mtaa wa Shangani lipo jumba liitwalo Mambo Msiige, lililojengwa katikati ya karne ya 19. Jina lenyewe ni sentensi kamili. Yambwa mambo imetangulizwa ili kusisitizwa, kisha kitenzi msiige kina m- ya nafsi ya pili wingi, -si- ya ukanushi, mzizi -ig-, na kiishio -e cha agizo. Ni onyo na majigambo kwa pamoja: mwenye jumba anawaambia wengine wasijaribu kumfuata.

Jumba hilo lilipita katika matumizi mbalimbali kabla ya kuunganishwa na jengo jipya na kuwa sehemu ya hoteli ya Park Hyatt, iliyofunguliwa mwaka wa 2015. Katika miaka ya ujenzi, Kamati ya Urithi wa Dunia ilieleza wasiwasi wake kuhusu athari za mradi huo kwa sura ya mji. Mjadala wa wakati ule ulihusu zaidi jengo na mandhari ya pwani. Suala la jina halikupewa uzito huo, ingawa nalo ni urithi. Mgeni anayelala pale bila kuelezwa maana ya jina amelala ndani ya sentensi asiyoisoma.

Haki inadai upande wa pili nao usikizwe. Mawe ya matumbawe na boriti huhitaji matunzo ya kila mara na fedha nyingi. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash lililokamilika mwaka wa 1883, liliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020, baada ya miaka ya kuchakaa na wakati ukarabati ukiendelea. Familia isiyomudu gharama ya kuezeka upya na kupiga lipu haiwezi kulaumiwa kwa kuuza au kukodisha. Hoteli imezisimamisha nyumba ambazo huenda zingekuwa magofu, na imewapa kazi mafundi wa nakshi na chokaa.

Athari kwa Usomaji wa Fasihi

Kwa nini suala hili limhusu mwanafunzi wa fasihi? Chukua Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Mshairi anapoeleza kuanguka kwa majumba ya Pate, hasemi tu kwamba yamebomoka. Anataja zidaka zilizowekwa vyombo vya kaure, ambazo sasa ndege hulazamo makinda yao. Msomaji asiyejua kwamba zidaka hukaa katika chumba cha ndani kabisa atadhani anaelezwa pambo lililoharibika. Anayejua ataelewa kwamba faragha yenyewe imevunjwa, na kwamba kiumbe cha mwituni kimefika mahali ambapo mgeni wa heshima hakuruhusiwa. Uzito wa taswira umo katika ramani ya nyumba.

Hitimisho

Imebainika kwamba hoteli ya kisasa katika mji wa kale huhifadhi umbo la nyumba huku ikibadilisha uhusiano uliolipa umbo hilo lugha yake. Tiba haimo katika kuzipinga hoteli. Wenye hoteli wanaweza kutumia majina ya asili mahali pake halisi, na kumweleza mgeni maana ya daka anapoketi darakani. Vyama vya Kiswahili vyuoni navyo vinaweza kuwatuma wanachama wakakusanye msamiati huu kwa wazee wa Mkomani na Shangani, kwa lahaja zao, kabla ya vyumba vyote kubaki na nambari tu.

Hatari kubwa si kwamba miji ya kale itakosa wageni. Ni kwamba itajaa wageni na kupungukiwa na wenyeji, hadi swali la "Amefikia wapi?" likose mtu wa kuliuliza.