Pima Mzigo Kabla ya Kuubeba: Somo kwa Wanaoanza Maisha

Wanachuo wenzangu, wengi wetu tunaoa na kuolewa kabla ya kumaliza shahada. Mimi ni mmoja wao. Naandika ili yaliyonikuta hapa Tabora yasikukute na wewe.

Baada ya harusi tulibaki na shilingi 600,000 za michango. Tulipanga chumba kimoja Isevya kwa 40,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba akataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo: 240,000 zikaenda. Godoro la tano kwa sita, 180,000. Jiko la mkaa, sufuria, ndoo mbili na beseni, 60,000. Zikabaki 120,000, tukakubaliana ziwe za ada ya mke wangu, anayesomea uuguzi.

Mpaka hapo tulikuwa salama. Tatizo lilikuwa macho ya watu. Rafiki zangu walikuja, wakakaa kwenye mkeka, wakacheka: "Kaka, bwana harusi gani hana hata kochi?" Kesho yake nikachukua mkopo wa kausha damu, 500,000, kwa marejesho ya 50,000 kila wiki kwa wiki 13. Nikanunua makochi ya mninga. Mke wangu nikamwambia nimelipia kwa bumu.

Marejesho mawili ya kwanza niliyatoa kwenye ile ada, na la tatu nikalianzia hapo hapo. Wiki ya nne mke wangu akafungua kibubu. "Mume wangu, ada yangu iko wapi?" Sikuwa na jibu. Aliuza hotpoti sita na seti ya sahani alizopewa kwenye kicheni pati ili aruhusiwe kufanya mtihani. Hakunisemesha siku tatu.

Wiki hiyo hiyo darasa letu la historia lilikwenda Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi. Nilikwenda kwa ajili ya mahudhurio tu, lakini maelezo juu ya wapagazi yalinigusa. Kutoka Bagamoyo hadi hapa walitembea kama miezi mitatu. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa takriban kilo 30, na juu yake aliongeza mkeka wake, chakula na vyombo vya kupikia. Hata neno mtumba, tunalolitumia leo kwa nguo kuukuu, lilikuwa jina la mzigo wa namna hiyo. Mpagazi hakukubali mzigo kwa kuwa unapendeza. Aliupima kwanza, kwa sababu safari ni ndefu na kichwa ni chake.

Nikatoka na mambo matatu.

Kwanza, pima mzigo kwa safari nzima. Rejesho la 50,000 ni jepesi wiki ya kwanza. Jiulize wiki ya kumi utalitoa wapi. Wanaokushauri ukope hawatakuwepo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Pili, chungu kabla ya kiti. Nunua kwanza kinachotumika kila siku: pa kulala, pa kupikia, pa kuhifadhi maji. Kabati na makochi vitakuja. Na kamati ya kicheni pati iambiwe mapema mnachohitaji. Sisi tulipewa hotpoti nane, jiko tukanunua wenyewe.

Tatu, msibebe kwa siri. Wapagazi walijigawa katika vikundi vidogo na kupika pamoja. Wengine walisafiri na wake zao, nao wakibeba vyombo na kupika. Kila mmoja alijua mwenzake amebeba nini. Kosa langu kubwa halikuwa makochi bali uongo.

Nilimwomba mke wangu radhi, tukakaa na daftari. Nilikuwa nimeshalipa 200,000. Makochi tuliyauza 400,000, tukaongeza 50,000, deni likaisha. Hasara: 250,000, zaidi ya kodi yetu ya miezi sita, kwa mwezi mmoja wa kukaa kwenye kochi.

Siku hizi mgeni akija anakaribishwa mkekani, chai ipo na asali ya Tabora ipo. Daftari linaning'inia mlangoni, na hakuna anayesaini kitu mwenzake hajakisoma.