Joto na Halijoto: Kukadiria Joto Linalopotea Sakafuni

1. Utangulizi

Wapo wanaoshikilia kuwa Kiswahili ni lugha ya ushairi na siasa, na kwamba kikiingizwa katika hesabu za fizikia hukwama. Makala haya yanalipima dai hilo kwa mfano wa Bonde la Ufa. Mvuke wa ardhini umezalisha umeme Olkaria tangu mwaka 1981. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, shamba la maua la Oserian, Naivasha, lilianza kupasha vivungulio vyake kwa joto hilo. Maji ya moto ya aina hiyo yaweza pia kupitishwa katika mabomba yaliyozikwa sakafuni. Je, joto kiasi gani litapotelea ardhini?

2. Istilahi

Katika mazungumzo twasema, "Joto la Nakuru leo ni nyuzi 24." Kifizikia, hiyo ni halijoto. Joto ni nishati, nayo hupimwa kwa juli. Halijoto hupimwa kwa nyuzi. Joto hutoka penye halijoto ya juu kwenda penye halijoto ya chini. Sakafu hupasha chumba kwa mnururisho na kwa hewa inayopanda. Kuelekea chini, joto hupenya kwa upitishaji.

3. Mfano

Tuchukulie chumba cha kulea vifaranga huko Njoro, chenye sakafu ya mita 20 za mraba. Chini ya mabomba pana kihami cha polistirini chenye unene wa mita 0.05. Upitishaji wake ni wati 0.035 kwa mita kwa kila nyuzi. Uso wa juu wa kihami una nyuzi 35, wa chini nyuzi 20. Zidisha upitishaji, eneo na tofauti ya halijoto, kisha gawanya kwa unene:

0.035 × 20 × 15 ÷ 0.05 = wati 210

Yaani juli 210 hupotea kila sekunde. Kwa saa 8 za usiku, kilowati-saa 1.68. Halijoto za nyuso zikibaki zilivyo, kihami chenye nusu ya unene huo kitapoteza maradufu.

4. Hitimisho

Anayeandika "tofauti ya joto" humwacha msomaji asijue atoe juli au nyuzi. Kilichokwama hapo ni uteuzi wa neno. Lugha yenyewe imejitosheleza.

Zoezi: Kadiria upotevu iwapo unene ni mita 0.07.