Kabla ya Kulipia Kioo Kipya cha Runinga
Runinga inapoonyesha weusi uliogeuka kijivu, au kivuli kilichomeza nyuso za watu, mtumiaji huambiwa upesi kwamba kioo kimechoka. Huenda kioo ni kizima, na kosa limo katika namna programu ya kusimbua video inavyoitafsiri picha.

Katika video ya biti 8, mwangaza wa kila nukta huandikwa kwa namba kati ya 0 na 255. Kwa desturi ya televisheni, 16 ndiyo weusi kamili na 235 ndiyo weupe kamili. Kwa desturi ya kompyuta, miisho ni 0 na 255. Chombo kinachotuma kikifuata desturi ya kwanza na runinga ikasubiri ya pili, picha nzima hufunikwa na utando wa kijivu. Ikiwa kinyume, yote yaliyo chini ya 16 huwa weusi mtupu na yaliyo juu ya 235 huwa weupe mtupu: mikunjo ya kanzu hupotea, na nywele huwa doa moja jeusi.

Kosa la gama lina dalili nyingine. Namba hizo haziendi sambamba na mwanga: kwa gama ya 2.2, nusu ya namba hutoa takriban asilimia 22 tu ya mwanga. Gama ikikosewa, weusi na weupe hubaki sahihi, ila nyuso zilizo katikati hupauka au huwa na giza.

Tatu ni kosa la kanuni ya rangi. Video za ubora wa zamani hufuata kanuni ya BT.601, na za ubora wa juu BT.709. Faili lisilotaja kanuni yake huilazimu programu kukisia. Ikikosea, kijani na nyekundu hubadilika kidogo, lakini kijivu hubaki kijivu.

Mtumiaji anashauriwa kuicheza video ileile kwa flashi iliyochomekwa moja kwa moja kwenye runinga. Picha ikitengemaa, tatizo liko kwenye chombo kilichounganishwa au makubaliano yake na runinga. Atafute mpangilio unaoandikwa "Black Level" au "Dynamic Range" (inaudhi kwamba watengenezaji hawakukubaliana jina moja) na kuhakikisha pande zote mbili zinalingana. Kupunguza mwangaza kwa rimoti si tiba, kwa kuwa weusi utarudi huku weupe ukizidi kufifia.

Fundi akisisitiza kwamba kioo kimeharibika, aombwe kuuonyesha ubovu huo kwenye menyu ya runinga yenyewe, ambayo haipitii waya wa HDMI. Afanye hivyo kabla ya kufungua seti, kwa sababu waranti huweza kukoma seti ikifunguliwa na fundi asiyeidhinishwa na mtengenezaji.